Kitovu cha Gololi: Namna ya Kutambua Gololi za Kioo za Kale

Swali: Shikamoo mzee. Ninaishi Columbus, Ohio, na mwezi uliopita nilinunua chupa kubwa yenye gololi zipatazo 200 kwenye mauzo ya vyombo vya nyumba ya mzee mmoja aliyefariki. Muuzaji alisema zote ni za kale. Nyingi zina jani la rangi ndani, kama zile tulizochezea utotoni Tanga, lakini tatu ni tofauti. Moja ina kitu kama wavu mweupe ndani na sehemu mbili zenye ukwaru. Ya pili ni ya zambarau yenye michirizi myeupe inayojikunja kama tarakimu 9. Ya tatu, kubwa kuliko zote, ina umbo dogo la kondoo katikati. Kaka yangu anashauri tuzipeleke kwa fundi azisugue zing'ae kabla ya kuamua tuziuze au tuzitunze. Nitajuaje ipi ni ya kale, na mtu huanzaje kuzikusanya?

Jibu: Marahaba, binti yangu. Kabla ya jambo lingine lolote, nakuomba umzuie kaka yako. Gololi hata moja isiende kwa fundi, kwa sababu ukwaru huo anaotaka kuuondoa ndio ushahidi wenyewe unaoutafuta.

Karibu kila anayeanza hutazama rangi kwanza. Rangi huvutia, nami siwezi kumlaumu mtu kwa kuvutiwa nayo, lakini rangi zilezile zimetumiwa Ujerumani katika karne ya 19, Marekani katika miaka ya 1930, na Mexico hadi leo hii. Jambo la kuchunguza mwanzo ni mahali kioo kilipokatwa. Kila gololi ya kioo ilikuwa wakati fulani bonge laini la kioo cha moto lililotengwa na kioo kingine, ama kwa mkasi wa fundi ama kwa kisu cha mashine, na namna ya kutengwa huacha alama yake. Alama hiyo wakusanyaji wana majina yao ya kuiita. Mimi huiita kitovu, kwa kuwa ndipo gololi ilipokatwa kutoka kwa mama yake, na nitalitumia neno hilo hadi mwisho wa majibu haya.

Ili uelewe kitovu ni nini, sharti twende Lauscha, mji mdogo ulio katika milima ya Thüringen, Ujerumani, ambako tanuri la kioo la kwanza lilianzishwa mwaka 1597. Katika miaka ya 1840 mafundi wa huko, wa ukoo wa Greiner, walitengeneza chombo kilichobadili kazi yote: koleo lenye kikombe kidogo cha mviringo upande mmoja na makali upande wa pili. Fundi alianza na kiini cha kioo, akakipanga nyuzi za kioo cha rangi kandokando, akakifunika kwa kioo kisicho na rangi, kisha wakakivuta kikiwa cha moto hadi kikawa fimbo ndefu huku wakikisokota. Ncha ya fimbo hiyo ilipopashwa moto tena, fundi aliiingiza kwenye kikombe cha koleo, akaizungusha hadi ikawa duara, akaikata. Ikatoka gololi moja, na ncha iliyobaki ikawa mwanzo wa gololi inayofuata. Ndiyo maana gololi nyingi za Ujerumani zina vitovu viwili, kimoja kila upande, na mistari yake yote hutoka kwenye kitovu kimoja na kuishia kwenye kingine, kama longitudo za tufe la dunia zinavyokutana kwenye ncha zake mbili.

Sasa chukua gololi yako ya wavu mweupe. Ishike kati ya kidole gumba na cha shahada, sehemu mbili zenye ukwaru zikigusa vidole, kisha iinue kwenye mwanga wa dirisha. Ukiona nyuzi nyembamba nyeupe za katikati zimesokotana kama kikapu cha ukili na zinabanana kuelekea vidole vyako viwili, na juu yake, karibu na uso, kuna mikanda ya rangi inayosokotwa kuelekea upande uleule, basi una gololi ya Kijerumani iliyofanywa kwa mkono, ya aina tunayoiita latisino. Zilitengenezwa kwa wingi kuanzia katikati ya karne ya 19 hadi Vita Kuu ya Kwanza. Wavu mweupe ndio wa kawaida zaidi. Wa manjano hupatikana kwa nadra kidogo, na wa nyekundu, buluu au kijani ni adimu kwelikweli. Kwa hiyo ni ya kale, lakini si hazina ya kumfanya mtu aache kazi. Itazame hata hivyo kwa uangalifu ukitumia kioo cha kukuzia, kwa sababu ndani yake huenda ukaona viputo vya hewa, uzi uliokatika, au mkanda mmoja uliokosewa nafasi. Hapo utamwona fundi mwenyewe akifanya kazi kwa haraka, na kwangu mimi hilo ndilo linalozipa gololi hizi uzuri ambao mashine haikuweza kuuiga.

Latisino ina ndugu wengi waliozaliwa kwenye tanuri zilezile. Baadhi zina utepe mmoja au miwili mipana katikati badala ya wavu. Nyingine zina kiini kilichojaa rangi. Nyingine zimepakwa chini ya uso madoa ya rangi yaliyovutwa yakawa kama maganda ya kitunguu, na hilo ndilo jina lake kwa wakusanyaji. Zipo nyeusi zenye mikanda ya rangi juu ya uso, na hizi nakusihi uzimulike kwa tochi kali, kwa sababu baadhi huonekana nyeusi mezani lakini mwanga ukipenya kingoni hudhihirika kuwa zambarau iliyokolea au kijani cha chupa, na thamani yake hubadilika papo hapo. Zipo pia zenye mikanda inayometameta kama dhahabu, ingawa hakuna dhahabu humo: ni chembechembe za shaba zilizoganda ndani ya kioo. Gololi hizo huitwa Lutz kwa jina la Nicholas Lutz, fundi hodari wa kiwanda cha kioo cha Sandwich, Massachusetts, lakini jina hilo lilitokana na dhana ya wakusanyaji tu. Gololi zenyewe ni kazi ya Wajerumani. Ninalitaja jambo hili kwa sababu utakutana na wauzaji watakaokuapia kwamba Lutz alizifanya kwa mikono yake.

Tahadhari moja kubwa ipo hapa. Kitovu kinaonyesha kwamba gololi ilikatwa kwa mkono, lakini hakisemi ilikatwa lini. Wasanii wa kioo wa siku hizi, Marekani na Ujerumani pia, hutengeneza gololi nzuri sana kwa mkono, na wengi wao huziwekea saini na mwaka. Saini hiyo ikifutwa na mtu asiye mwaminifu, gololi ya juzi huuzwa kama ya mwaka 1880. Kinachosaidia ni kutazama uchakavu. Gololi iliyochezewa kwenye udongo na watoto kwa miaka mingi ina mikwaruzo midogo inayokwenda pande zote bila mpango, mingine mizito na mingine ya kuonekana kwa kioo cha kukuzia tu. Iliyozeeshwa kwa makusudi, kwa mfano kwa kuzungushwa kwenye kopo la mchanga, huwa na ukungu wa aina moja mwili mzima, na ukungu huo huingia hadi ndani ya kitovu, mahali ambapo ardhi isingepagusa kwa urahisi.

Gololi yako ya zambarau inatuleta karibu na nyumbani kwako. Akron, mji ulio mwendo wa saa mbili hivi kwa gari kutoka Columbus, ndiko gololi za mashine zilikoanzia. Martin Frederick Christensen, mhamiaji kutoka Denmark, alibuni mashine ya kuviringisha kioo cha moto kikawa duara kamili, akapata hataza yake mwaka 1905. Mashine yake ilimaliza kitovu, lakini haikumaliza mkono wa mtu. Mfanyakazi mmoja alichota kioo tanurini kwa fimbo ya chuma na kukiacha kidondoke juu ya mashine, na mwingine alikata kila bonge kwa mkasi. Mchotaji alipokuwa akizungusha kiganja ili kioo kisimwagike ovyo, michirizi myeupe iliyomo kwenye kioo ilijikunja juu ya bonge ikawa kama tarakimu 9, na pale mkasi ulipokata upande wa pili ukabaki mkia. Kwa hiyo tafuta vitu viwili kwenye gololi yako: 9 upande mmoja, na mkia au mshono mfupi upande unaoelekeana nayo. Ukiviona vyote viwili, na uso wake wote ni laini bila kitovu chenye ukwaru, yaelekea sana ni kazi ya kiwanda cha Christensen, kilichofunga milango mwaka 1917, na hivyo ina umri unaozidi miaka 100. Zambarau, buluu, kijani na kahawia ndizo rangi za kawaida za aina hii. Ya manjano ndiyo ya kuitafuta.

Vita vilivyoanza mwaka 1914 vilikata njia ya gololi za Ujerumani kufika Marekani, na viwanda vya Marekani vikachukua soko lote. Kampuni ya Akro Agate, iliyozaliwa Akron, ilihamia Clarksburg, West Virginia, mwaka huohuo wa 1914, na ikadumu hadi 1951. Alama yake kubwa ni gololi yenye mkanda wa rangi unaojizungusha kama kizibuo cha mvinyo. Uweke ukucha mwanzoni mwa mkanda, uufuate: ukikuzungusha kutoka ncha moja ya gololi hadi ya pili bila kujikuta umerudi ulikotoka, hiyo ni ya Akro. Kampuni ya Peltier, huko Ottawa, Illinois, ilitengeneza gololi zenye mikanda ya rangi kali, na pia zile zenye picha za vikaragosi 12 wa magazeti na filamu, Betty Boop akiwa mmoja wao. Picha hizo ziliunguzwa kwenye kioo chenyewe. Za bandia zimechapwa juu tu, na ukucha au ncha ya sindano huweza kuzibandua. Hata hivyo usijaribu sindano kwenye gololi ya mtu mwingine.

Kwa kuwa uko Ohio, kuna kampuni moja zaidi ambayo lazima uifahamu, nayo ni Christensen Agate ya Cambridge, mashariki mwa Columbus. Haikuwa na uhusiano na Christensen wa Akron ila kwa jina. Ilifanya kazi kwa miaka michache tu, ikafungwa mwaka 1933, lakini rangi zake ni kali kuliko za kiwanda kingine chochote cha wakati huo, na gololi zake bora hugombaniwa sana na wakusanyaji. Aina yake mashuhuri ina mwili wa kioo angavu, cha buluu au cha rangi ya asali, ulionyunyiziwa madoa ya rangi nyingi, na jina waliloipa wakusanyaji ni la ndege kanga. Mtu aliyelelewa pwani, aliyewahi kumtazama kanga kwa karibu, hahitaji maelezo zaidi. Ukikuta madoa ya namna hiyo kwenye chupa yako, itenge mara moja, uifunge kwa kitambaa, kisha uwe na shaka nayo, kwa maana hakuna gololi ya mashine inayoigizwa zaidi ya hiyo.

Zenye jani la rangi ndani, ambazo ndizo nyingi katika chupa yako, muuzaji alikosea kuziita za kale. Aina hiyo ilianza kumiminika kutoka Japani baada ya Vita Kuu ya Pili, na ilipofika katikati ya miaka ya 1950 viwanda vya Marekani vilikuwa vikiitengeneza pia. Thamani yake ya fedha ni ndogo. Zilizo na kioo chenye ukijani wa chupa na majani manne ya rangi moja yaliyopangika kama msalaba aghalabu ndizo za Japani za mwanzo, na ukipenda unaweza kuziweka kando. Zile zenye uso unaong'aa rangi za upinde wa mvua kama mafuta juu ya maji ni za kisasa, nyingi zikitoka Mexico. Na ukikuta za rangi moja, za kijani hafifu, zenye viputo, fikiria kwamba huenda hazikuwa za kuchezea kabisa: mwaka 1872 Mwingereza Hiram Codd alipata hataza ya chupa ya soda iliyozibwa na gololi shingoni kwa nguvu ya gesi yenyewe, na watoto wakawa wanazivunja chupa hizo ili kuipata gololi.

Ya kondoo nimeiacha nyuma kwa sababu ndiyo inayonipa hamu na wasiwasi kwa pamoja. Wajerumani walitengeneza gololi kubwa za kioo kisicho na rangi na kuzitia sanamu ndogo za udongo mweupe: mbwa, kondoo, ndege, mara chache watu. Sanamu huonekana kama ya fedha, ingawa ni ya udongo, kwa sababu tabaka jembamba la hewa limenaswa kati yake na kioo na huakisi mwanga. Gololi hizi zina kitovu kimoja tu, kwa kawaida chini ya miguu ya mnyama. Kondoo ni miongoni mwa wanyama waliotumiwa sana, hivyo kuwa kondoo peke yake hakuongezi thamani; kioo cha rangi, au sanamu iliyopakwa rangi, ndicho kingeongeza. Tatizo ni kwamba zimetengenezwa upya kwa wingi. Ya kale mara nyingi ina sanamu isiyokaa katikati sawasawa, viputo vichache kandokando yake, na uso uliogongwagongwa, kwa kuwa gololi nzito ikigongana na nyingine huumia. Ikiwa kioo chako ni safi kama maji ya chupa, kondoo ni mweupe pe kama chaki bila mng'ao wa fedha, na chini pamelainishwa kwa moto hadi hakuna ukwaru wowote, basi ninaogopa kwamba ni ya karibuni.

Nirudi kwa kaka yako. Miaka mingi iliyopita nilinunua gololi ya maganda ya kitunguu, kubwa, nyekundu na manjano, iliyokuwa na vimwezi vingi. Kimwezi ni ufa mdogo wa nusu duara ulio chini ya uso, unaotokana na kugongwa. Ukiigeuza gololi polepole kwenye mwanga, kimwezi humeremeta kisha hupotea. Nilimpelekea fundi wa vito aisugue. Alifanya kazi safi, ikarudi inang'aa kama tone la maji. Nilipoitazama kwa kioo cha kukuzia niliona kwamba kitovu kimoja kimetoweka, kingine kimebaki kama doa laini, mikanda ya rangi iliyokuwa karibu na uso imekatwa wazi kama mshipa, na vile vimwezi virefu zaidi bado vilikuwa mlemle chini. Hakuna njia ya kuirudisha. Ninayo mpaka leo, na kila anayenijia na wazo la kusugua humwekea mkononi kabla sijasema neno. Mnunuzi mwenye ujuzi huiona gololi iliyosuguliwa mara moja, na hulipa sehemu ndogo tu ya ambacho angelipa kwa ileile ikiwa na makovu yake.

Kuzisafisha, hata hivyo, ni halali. Tumia maji ya uvuguvugu na sabuni laini, moja baada ya moja, juu ya taulo iliyotandikwa ndani ya beseni ili ikiponyoka isipasuke. Usitumie maji ya moto, kwa maana kioo cha zamani kikipata mabadiliko ya ghafla ya joto huweza kupasuka hadi kiini. Wauzaji wengine hupaka mafuta ili kuficha mikwaruzo, kwa hiyo unaponunua mahali pengine ifute gololi kwa kitambaa kikavu, kwa ruhusa ya mwenyewe, kisha ndipo uitazame. Ukimaliza usizirudishe kwenye chupa. Humo zinagongana kila chupa inaposogezwa, na vimwezi vingi ninavyoviona siku hizi vimezaliwa kwenye chupa za mapambo. Trei ya mayai iliyotandikwa pamba inatosha kabisa kwa kuanzia. Na usiziweke dirishani penye jua kali: gololi ya kioo angavu hukusanya miale ya jua mahali pamoja kama kioo cha kukuzia, na inaweza kuunguza pazia au meza.

Kuhusu kukusanya, ushauri wangu ni uchague upande mmoja mapema, na kwa mtu anayeishi Ohio sioni chaguo bora kuliko gololi zilizotengenezwa hapohapo, za Akron na za Cambridge, kwa kuwa bado zinatoka kwenye nyumba za wazee kama huyo aliyeacha chupa yako. Nunua kioo cha kukuzia cha mara 10, kalipa ya kupimia kipenyo, na ile taa ndogo ya kukagulia noti bandia. Taa hiyo hufanya kioo chenye urani king'ae kijani gizani, nacho kilitumiwa na viwanda kadhaa vya zamani. Mng'ao peke yake hauthibitishi umri, lakini hukusaidia kutofautisha gololi mbili zinazofanana mchana. Kila gololi iandikie kadi: kipenyo kwa milimita, idadi ya vitovu, vimwezi vilipo, ulikoipata na bei uliyolipa. Kwa miaka miwili ya kwanza nunua chache zilizo salama kuliko nyingi zilizovunjikavunjika, na kila unapoweza zishike za watu wengine mkononi, kwa sababu kidole hujifunza tofauti ya kitovu cha kale na cha kisasa kabla jicho halijaiona.

Kwa sasa fanya hivi. Zitenge zile tatu, zioshe kama nilivyoeleza, kisha zipige picha juu ya kitambaa cheusi, mwanga ukitokea ubavuni. Ya wavu ipigwe kwenye kila kitovu na ubavuni. Ya zambarau upande wa 9 na upande wa mkia. Ya kondoo igeuze miguu juu, usogee karibu uwezavyo, na unitumie picha ya pale chini pa miguu. Hapo ndipo nitakapoweza kukuambia.